Wakatoliki wenzangu, tunawasikilizaje hawa wachambuzi wanaotugawa?

Mleta uzi

Tumsifu Yesu Kristo.

Jambo hili limenikaa moyoni karibu mwaka mzima, leo nimeona nilitoe hapa tulijadili. Naomba tuvumiliane, bandiko ni refu.

Nilikuwa mfuatiliaji mkubwa wa wachambuzi wa mambo ya Kanisa mtandaoni. Sizungumzii mahubiri wala katekesi. Nazungumzia wale wanaokaa mbele ya kamera, nyuma yao rafu ya vitabu na sanamu ya Bikira Maria, wanatueleza kila siku askofu gani kaasi, kadinali gani mzushi, Papa kakosea wapi wiki hii. Nilianza na chaneli moja, mtandao ukaniletea ya pili, kisha ya tatu. Baada ya miezi minne nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri, na kabla sijafanya ishara ya msalaba kidole kimeshafungua simu. Picha ya Baba Mtakatifu, mshale mwekundu, maandishi makubwa. Nabonyeza.

Sikuzinduka kwa sababu ya hoja ya mtu. Nilizinduka kwenye Misa ya Jumapili. Padre alifika kwenye Sala ya Ekaristi, pale anapomtaja Papa na Askofu kwa majina. Maneno yale nimeyasikia tangu nikiwa mtoto, yalikuwa yananipita kama pumzi. Siku ile jina la Papa lilipotajwa nikasikia kitu kinajikunja kifuani. Nilikereka. Nimepiga magoti mbele ya altare, na jina la mtu ninayepaswa kumwombea linanichoma kama jina la adui. Na mtu huyo sijawahi kuonana naye, hajanikosea chochote, wala sijawahi kusoma waraka wake hata mmoja mwanzo hadi mwisho. Yote niliyoyajua juu yake nilipewa na watu watatu wenye kamera.

Niliporudi nyumbani nikachukua daftari. Nikafungua video ya siku hiyo ya yule niliyempenda kuliko wote, dakika arobaini na saba, nikaandika kila kilichotokea. Watu kumi na mmoja walitajwa kwa majina na kulaumiwa, tisa kati yao mapadre na maaskofu. Hati ya Kanisa ilifunguliwa na kusomwa mara mbili, zote nusu sentensi. Ombi la mchango lilikuja mara nne. Sala ilikuwa moja, mwanzoni, kwa haraka. Katika wale kumi na mmoja hakuna hata mmoja aliyeulizwa upande wake. Nikajiuliza: katika hawa, ni yupi ambaye mimi nina wajibu naye? Hakuna. Si askofu wangu, si paroko wangu, sina pa kupeleka malalamiko, sina ninachoweza kurekebisha. Nilikuwa nimebeba dhambi za watu kumi na mmoja, za kweli au za kuzushiwa, na sina pa kuzitua.

Ndipo nikaenda kwenye Katekisimu. Namba 2477 inataja makosa matatu dhidi ya jina la mtu: kumhukumu haraka bila msingi wa kutosha, kumsingizia, na lile la katikati ambalo wengi hatulijui, yaani kufichua kosa la mtu kwa wasiolijua bila sababu ya haki. Angalieni vizuri hilo la katikati. Linahusu kosa la kweli. Mchambuzi anaweza kusema ukweli mtupu na bado akamkosea Mungu na jirani. Mimi miaka yote nilikuwa na kipimo kimoja tu: je, anasema kweli? Nikiona anasema kweli, basi, nasikiliza na kuwasambazia wenzangu. Sikuwahi kuuliza: je, habari hii ni yangu?

Nimeacha kuwatazama tangu Kwaresima iliyopita. Lakini sina uhakika kama niliyofanya ndiyo sahihi kwa kila mtu. Kaka yangu anawatazama na ananiambia nimekuwa kondoo aliyefumba macho. Naomba mawazo yenu, hasa mnaowafuata hadi leo.

SautiYaTatu

Umenigusa pale kwenye Sala ya Ekaristi. Mimi yalinipata kwa paroko. Nilisikia mchambuzi akisema kila padre anayetoa Komunyo mkononi hana imani, na Jumapili iliyofuata nikawa namchunguza paroko wetu vidole badala ya kusali. Mzee wa watu alimpa mama yangu mpako wa wagonjwa saa nane usiku. Niliungama hilo.

Mwongofu

Mleta uzi, milele amina. Nitakuwa upande wa pili kidogo, naomba msinipige mawe.

Mimi nimepokelewa katika Kanisa nikiwa mtu mzima, na aliyenifungulia mlango ni mmoja wa hao hao mnaowalalamikia. Kabla yake nilijua Wakatoliki wana Papa na rozari, basi. Yeye ndiye aliyenieleza uwepo halisi wa Kristo katika Ekaristi, kwa nini Kanisa linapinga utoaji mimba, toharani ni nini. Alisema kwa uhakika, bila kumung'unya maneno, wakati mahubiri niliyokuwa nayasikia kila mahali yalikuwa kama chai isiyo na majani. Ni kweli ana ukali, na kuna siku anapitiliza. Lakini mtu mwenye kiu akipewa maji na mtu mkali, atakunywa.

Kwa hiyo mnaposema "wanagawa", mimi nauliza: wanawagawa akina nani? Kuna watu walikuwa nje, leo wako ndani kwa sababu yao.

Mleta uzi

Mwongofu, hakuna wa kukupiga mawe, na nashukuru umeandika. Swali moja tu, nakuuliza kama ndugu: yale aliyokufundisha kuhusu Ekaristi, alikuwa bado anayafundisha mwaka jana? Wangu mimi alianza hivyo hivyo. Miaka ya mwanzo ni katekesi tupu, nzuri kabisa. Nilipopitia orodha yake ya video kwa tarehe, katekesi inapungua mwaka hadi mwaka, majina ya watu yanaongezeka.

Mwongofu

Nimekwenda kuangalia kabla ya kujibu. Ni kweli. Sikuwa nimeliona hilo.

Kanuni

Naona watu wanataka kujua Kanisa lenyewe linasemaje kisheria. Nimesoma sheria za Kanisa, nitajitahidi kueleza kwa lugha ya kawaida.

Kwanza, mlei ana haki ya kusema. Kanuni 212 ibara ya 3 inasema waamini, kulingana na elimu, ujuzi na nafasi waliyo nayo, wana haki na wakati mwingine hata wajibu wa kuwaeleza wachungaji maoni yao kuhusu mambo yanayohusu mema ya Kanisa, na kuwajulisha waamini wengine pia. Wachambuzi wanaipenda sana kanuni hii, na wanayo haki ya kuinukuu. Tatizo ni kwamba wengi wanaikatia njiani. Ibara hiyo hiyo inaendelea: wakilinda uadilifu wa imani na maadili, wakiwa na heshima kwa wachungaji, na wakizingatia manufaa ya wote na hadhi ya watu. Halafu kanuni 220 inasema hakuna anayeruhusiwa kuharibu jina jema la mtu isivyo halali. Hizo mbili zisomwe pamoja.

Pili, jina "Katoliki" halichukuliwi hivi hivi. Kanuni 216 inasema hakuna shughuli itakayojiita ya Kikatoliki bila ridhaa ya mamlaka husika ya Kanisa. Desemba 2011 Jimbo Kuu la Detroit, Marekani, lilitangaza kwamba chombo cha mchambuzi Michael Voris, kilichokuwa kinaitwa RealCatholicTV, hakikuwa na kibali cha kutumia jina hilo. Mwaka uliofuata kikabadili jina na kuwa Church Militant.

Na kabla hamjasema hili ni la upande mmoja tu: mwaka 1968 Askofu Charles Helmsing wa Kansas City alililaani gazeti la National Catholic Reporter, linaloegemea upande wa mageuzi, akalitaka liondoe neno "Catholic" kwenye jina lake. Halikuondoa, na linaendelea nalo hadi leo. Wachambuzi wanaowagawa watu wapo wa kulia na wa kushoto. Wa kushoto nao wana namna yao ya kumdharau mwenye rozari mkononi na anayependa Misa ya Kilatini, na dharau hiyo inauma vilevile.

MamaWaWatatu

Asante Kanuni. Sikujua kuhusu 1968.

Mlinzi

Nimesoma kimya kimya hadi hapa, sasa nitasema wazi. Uzi huu unanitia hofu.

Kuna jina moja hamjalitaja: McCarrick. Kadinali, Askofu Mkuu mstaafu wa Washington, aliyewadhulumu kingono watoto na waseminari. Watu walinong'ona miaka na miaka. Barua zilikwenda kwa wakubwa. Nani alisema hadharani? Hadi Juni 2018 ndipo alipoondolewa kwenye huduma, Februari 2019 akavuliwa upadre. Vatikani yenyewe ilitoa ripoti ndefu Novemba 2020 ikionyesha jinsi taarifa zilivyopita mikononi mwa watu na yeye akaendelea kupanda ngazi. Na Boston mwaka 2002, zilipofichuliwa habari za mapadre waliowadhulumu watoto kingono? Waliofungua mlango ule ni waandishi wa gazeti la kidunia, si sisi Wakatoliki tuliokuwa tunalinda "jina jema".

Sasa mleta uzi anatuambia tujiulize "je, habari hii ni yangu?" Ndugu yangu, ni swali hilo hilo walilojiuliza waliokuwa wanajua wakanyamaza. "Si jimbo langu. Si kazi yangu." Watoto waliumia chini ya swali hilo. Afadhali mchambuzi mkali anayekosea mara tatu katika kumi kuliko ukimya wa kiheshima.

Mleta uzi

Mlinzi, nimesoma bandiko lako mara tatu, nikanyamaza kwa siku nzima kabla ya kujibu. Una haki. Kama swali langu linaweza kutumika kumfunga mdomo aliyeumizwa, basi nimeliuliza vibaya na naomba radhi kwa yeyote aliyelisoma hivyo.

Acha nijaribu tena. Katekisimu inasema "bila sababu ya haki". Kumlinda mtoto ni sababu ya haki, hakuna iliyo kubwa kuliko hiyo. Anayejua uhalifu habari ni yake, moja kwa moja: aende polisi, aende kwa askofu, na asiposikilizwa aende kwa mwandishi. Lakini mimi alfajiri ile kitandani nilikuwa simlindi mtoto yeyote. Sikupiga simu kokote, sikumwandikia mtu, sikufunga hata nusu siku kwa ajili ya waliodhulumiwa. Nilikuwa naburudika kwa hasira. Hilo ndilo ninalolikataa.

Mhariri

Hapo kati ya Mlinzi na mleta uzi kuna tofauti ambayo naomba niiweke wazi, maana nimeifanya kazi hii kwa mikono yangu.

Mwandishi wa uchunguzi na mchambuzi si kitu kimoja. Wale wa Boston walitafuta hati mahakamani, walikwenda kwa walioumizwa nyumba kwa nyumba, waliwapigia simu watuhumiwa kuwauliza. Miezi ya kazi kwa habari moja. Mchambuzi anatakiwa kutoa video kila siku. Hawezi kuchunguza kila siku. Kwa hiyo anachukua kilichoandikwa na mwingine, anakiwekea sauti ya hasira.

Niliwahi kuhariri video za chaneli moja ya dini. Mtangazaji alikuwa mtu wa sala, nasema kwa dhati. Alirekodi kipindi kizuri sana juu ya huruma ya Mungu kwa Zaburi ya 51. Tukakiweka na kichwa cha kawaida. Watazamaji wachache. Wiki hiyo hiyo akasema neno moja la pembeni kuhusu askofu fulani, kama dakika mbili ndani ya saa nzima. Nikaambiwa nizikate hizo dakika mbili, niziweke peke yake, na kwenye picha nimweke askofu akiwa amefumba nusu ya macho. Nilisimamisha video fremu kwa fremu hadi nikaipata sura mbaya kuliko zote. Kila mtu ana sura mbaya, ukimsimamisha kati ya neno na neno. Ile ikasambaa. Wiki iliyofuata mtangazaji alikuja na askofu mwingine. Hakuna aliyemlazimisha. Aliona tu namba.

Ndiyo maana nikasoma kwa makini sana Papa Leo XIV alipokutana na waandishi wa habari tarehe 12 Mei 2025, siku nne tu baada ya kuchaguliwa, akawaomba wayavue maneno silaha. Mimi ile sura ya askofu ilikuwa silaha, na niliinoa mwenyewe.

SautiYaTatu

Fremu kwa fremu. Mungu wangu.

KatekistaMstaafu

Wanangu, mimi ni mzee, nimefundisha katekesi miaka mingi. Naona mnajadili kama jambo hili limeletwa na intaneti. Hapana, lilianza na redio.

Padre Charles Coughlin, paroko wa Royal Oak karibu na Detroit, alianza kuhubiri redioni mwaka 1926. Mwanzoni alikuwa anawafundisha watoto dini. Ukaja mdororo wa uchumi, akaingia kwenye fedha, mabenki, siasa. Miaka ya 1930 alikadiriwa kusikilizwa na watu hadi milioni 30. Watu waliokosa kazi walimpenda kwa sababu alitaja maumivu yao, na alikuwa na sauti ya dhahabu. Baadaye akawageukia Wayahudi. Mwaka 1938 gazeti lake lilichapa ile hati ya uongo inayodai Wayahudi wana njama ya kuitawala dunia. Novemba mwaka huo, siku chache baada ya masinagogi ya Ujerumani kuchomwa moto, alikwenda hewani kuwatafutia Wanazi sababu. Kituo kimoja cha New York kikakataa kuendelea kumrusha.

Askofu wake wa kwanza alimlinda. Aliyefuata, Edward Mooney, mwaka 1942 akamwamuru anyamaze. Na hapa naomba msikie: alinyamaza. Alirudi kwenye parokia yake akawa paroko wa kawaida hadi 1966. Maneno yake ya chuki siwezi kuyatetea hata kidogo, lakini ule utii naukumbuka kila ninapomsikia mchambuzi wa leo akijibu barua ya askofu kwa video nyingine.

Wakati Coughlin anawaka, kulikuwa na padre mwingine redioni, Fulton Sheen, kuanzia 1930, na televisheni kuanzia 1952 akiwa tayari askofu. Anasimama na ubao na chaki, anafundisha. Alitaja maovu ya wakati wake, ukomunisti aliupiga bila kuogopa, na hakuhitaji kumtafuta adui ndani ya nyumba kila wiki. Kwa hiyo msiseme chombo ndicho kibaya.

Na hata walio wema huteleza. Mama Angelica, mtawa aliyeanzisha EWTN, televisheni ya Kikatoliki ya Marekani, mwaka 1981 na ambaye nampenda sana, mwaka 1997 alisema hewani kwamba angekuwa katika jimbo la Kadinali Mahony wa Los Angeles, asingemtii hata kidogo. Aliudhika na barua ya kichungaji kuhusu Ekaristi. Baadaye aliomba radhi, ingawa kwa masharti. Hata hivyo aliomba.

Mlinzi

Mzee, shikamoo. Hilo la Coughlin sikulijua kwa kina, nashukuru. Lakini vipi Mtakatifu Katarina wa Siena? Alimkaripia Papa. Na Paulo alimpinga Petro mbele ya watu, Wagalatia sura ya pili. Wachambuzi wanasimama kwenye nyayo hizo.

KatekistaMstaafu

Marahaba mwanangu. Umeuliza vizuri.

Paulo anasema alimpinga Petro uso kwa uso. Uso kwa uso, Petro akiwapo na anaweza kujibu. Katarina alimwandikia Gregori XI mwenyewe, mwaka 1376 akasafiri hadi Avignon, Ufaransa, Papa alikokuwa anaishi, kumsihi arudi Roma, na katika barua zake alimwita baba, tena akamwita Papa Kristo mtamu duniani. Januari 1377 Gregori akaingia Roma. Alimwambia maneno makali kwa sababu alimpenda na alitaka asimame. Mpe mchambuzi wako kipimo hicho: je, mtu anayemsema akiisikiliza ile video, atajisikia anaitwa arudi, au atajisikia anauzwa?

Papa Fransisko aliulizwa haya ndegeni akitoka Madagascar, Septemba 2019. Hakusema asikosolewe. Alisema ukosoaji unasaidia, ila si wa kurusha jiwe halafu ukaficha mkono.

Kanuni

Kuna kesi moja ya kuongezea, kwa sababu Mlinzi amesema afadhali anayekosea mara tatu katika kumi. Hizo mara tatu ni watu.

Church Militant ilichapisha makala mwaka 2019 kuhusu padre mmoja wa Jimbo la Manchester, New Hampshire, aliyekuwa anasimamia masuala ya sheria jimboni. Padre akaenda mahakamani kwa kuchafuliwa jina. Voris mwenyewe aliondoka kwenye chombo hicho Novemba 2023 kwa sababu nyingine za mwenendo. Mwaka 2024 kesi ikamalizwa kwa makubaliano: dola 500,000 na kuomba radhi. Mwishoni mwa Aprili 2024 chombo kikafungwa.

Miaka mitano yule padre aliamka kila siku jina lake likiwa hivyo. Katekisimu namba 2487 inasema aliyeharibu jina la mtu ana deni la kulirudisha, hata kama amesamehewa dhambi. Mtalirudishaje kwa maelfu ya watu waliotazama, ambao nusu yao hawataiona ile radhi?

Mlinzi

Sina jibu la hilo. Mimi nilisambaza mambo mengi wakati ule. Sikumbuki hata majina.

MamaWaWatatu

Mlinzi, Mungu akubariki kwa kulisema. Hujasambaza peke yako.

Nina neno dogo. Mwaka 2018, kwenye wosia wa kitume kuhusu utakatifu, namba 115, Papa Fransisko aliandika kwamba hata katika vyombo vya habari vya Kikatoliki mipaka inavukwa, na kwamba wapo wanaodai kutetea amri nyingine huku wakiisahau kabisa ya nane, ile ya kutomshuhudia jirani uongo. Mimi niliinakili nikaibandika jikoni juu ya sinki, kwa sababu hapo ndipo nasikilizia simu nikiosha vyombo. Imenisaidia zaidi ya kufuta programu.

Na wanangu wananisikia. Mkubwa ana miaka tisa. Siku moja aliniuliza, "Mama, askofu ni mtu mbaya?" Sikuwa nimemwambia chochote. Simu ndiyo ilikuwa inaongea.

Mwongofu

Nauliza kwa nia njema: tufanye nini na Viganò? Yeye si mtu wa mtaani na kamera. Ni askofu mkuu, alikuwa balozi wa Papa Marekani kuanzia 2011 hadi 2016. Barua yake ya Agosti 2018, iliyodai wakubwa wa Vatikani walijua habari za McCarrick, ndiyo iliyonifanya nianze kuamini kwamba kuna mambo yamefichwa. Na mengine aliyosema kuhusu McCarrick yalikuwa na ukweli.

Kanuni

Ndiyo, mengine yalikuwa na ukweli, na mengine ripoti ya 2020 haikuyaunga mkono. Ila tazama safari yenyewe. 2018 anataka Papa Fransisko ajiuzulu. Miaka inapita, anafika kusema Fransisko si Papa, na anaukataa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa miaka ya 1960. Julai 2024 Dikasteria ya Mafundisho ya Imani, ofisi ya Vatikani inayolinda mafundisho, ikatangaza kwamba ametengwa na Kanisa kwa kosa la kufarakana nalo. Mlango wa kurudi uko wazi kwake kama kwa yeyote, na tunapaswa kumwombea.

Sisemi kila anayemkosoa Papa atafika huko. Nasema tu wapo waliokwenda naye hatua kwa hatua, video kwa video, wala hawajui ni siku gani walivuka.

Mhariri

Nakubaliana. Mimi sasa nina utaratibu wangu, atakayependa achukue. Nikiona habari ya Kanisa inayonipandisha hasira, natafuta hati yenyewe kwanza, kwenye tovuti ya Vatikani au ya jimbo husika. Nikiisoma yote na bado nina shida, namwandikia mhusika au namuuliza paroko. Mara mbili nimeandika kwa askofu. Mara moja nilijibiwa, kurasa mbili kwa mkono wake, akakubali sehemu ya niliyosema. Video haijawahi kunifikisha hapo.

Na wapo wanaofanya kazi nzuri, tusiwasahau. Mtakatifu Fransisko wa Sale, msimamizi wa waandishi wa habari tangu 1923, alikwenda Chablais, eneo karibu na Geneva, mwaka 1594 kati ya Waprotestanti waliokataa hata kumsikiliza. Akawa anaandika karatasi usiku na kuzipenyeza chini ya milango. Anaeleza imani, anajibu hoja. Karatasi zile zipo hadi leo, unaweza kumsomea mtoto.

Mlinzi

Nitajaribu huo utaratibu wa hati kwanza. Sijaacha msimamo wangu kwamba wakubwa wanapaswa kusemwa wanapoficha uovu. Lakini nimewafuta wawili usiku huu, wale ambao sikuweza kukumbuka lini mara ya mwisho walinifundisha kitu. Mmoja nimembakiza, nitamsikiliza na daftari kama mleta uzi.

Mleta uzi

Nimerudi. Asanteni nyote, na Mlinzi hasa, umenifanya nifikiri upya.

Niliwaambia kuhusu kaka yangu. Jana usiku alinitumia klipu nyingine, picha ya kadinali na mshale mwekundu. Kawaida ningemjibu kwa nukuu tatu, naye angenijibu kwa tano, na tungekaa wiki mbili bila kuongea. Safari hii nikampigia.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umeitazama?"

"Hapana. Goti lako linaendeleaje?"

Alinyamaza hadi nikadhani simu imekatika. Kisha akaniambia. Kumbe limemzuia kupiga magoti tangu Pasaka, Jumapili anakaa kiti cha nyuma kabisa kwa aibu, na baada ya Misa anaondoka bila kusalimiana na mtu. Siku nzima yuko ndani peke yake na ile simu. Mimi ni ndugu yake na sikuwa najua, kwa sababu karibu mwaka mzima tulikuwa tunaongea juu ya makadinali tu.

Tumekubaliana kila Jumamosi saa mbili usiku tusali Rozari kwenye simu. Ameomba aongoze yeye, na kwamba fungu la kwanza liwe kwa ajili ya Papa. Sikumwambia mimi hilo, amelisema mwenyewe.

Kesho nampigia paroko wake kuuliza kama kuna mtu anayeweza kumpitia Jumapili. Uzi nauacha wazi.